Aliyemkata mdogo wangu kwa panga yuko nje kwa dhamana. Je, korti haijui kwamba amewahi kufungwa?

Mama wa Duka ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba mnisaidie kuelewa jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki mbili sasa. Naliandika kwa Kiswahili kwa sababu katika mji wetu wa mpakani hapa Uganda ndiyo lugha inayotukutanisha sote, Wasamia, Wateso, Wanubi na sisi tulioletwa na biashara.

Mdogo wangu ni mwendesha boda boda. Usiku mmoja, yapata saa tatu, alipakia abiria pale stage penye taa, wakaenda wakizungumza njia nzima habari za mpira na bei ya mafuta. Walipofika penye migomba abiria alimwomba asimame ajisaidie, na papo hapo wenziwe wawili wakatoka gizani, naye abiria akachomoa panga lililokuwa ndani ya koti. Mdogo wangu aliinua mkono kujikinga. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekwenda, na cha tatu hakikunjiki. Pikipiki, ambayo alikuwa bado anailipia kila wiki, haijaonekana hadi leo.

Polisi walimkamata yule abiria baada ya siku nne, na mdogo wangu alimtambua bila kusita. Hapo ndipo watu walipoanza kutuambia kwamba kijana huyo alitoka gerezani mwaka jana tu kwa kosa la namna hiyo hiyo alilolifanya katika wilaya nyingine. Nikajiambia kwamba safari hii hatatoka. Alifikishwa kortini, akarudishwa rumande, nasi tukashughulika na hospitali.

Wiki ya sita, nikiwa nafungua duka asubuhi, nilimkuta amesimama kwenye kibanda cha rolex, chapati inayoviringishwa na mayai, kilicho hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu, anasubiri mayai yake yageuzwe. Aliniona, akatabasamu, akaniuliza, "Mama, mgonjwa anaendeleaje?" Sikuweza kumjibu. Nilirudi ndani nikakaa nyuma ya magunia ya sukari mpaka alipoondoka.

Ninachouliza ni hiki. Mtu aliyewahi kufungwa kwa unyang'anyi anawezaje kupewa dhamana kama mtu anayeshtakiwa kwa mara ya kwanza? Tena, hata kesi ikisikilizwa na akaonekana ana hatia, je, adhabu itazingatia kwamba alishaadhibiwa akarudia? Vijana wa stage wanasema wao wanayo dawa, na sote tunaijua dawa hiyo: tairi na petroli. Mimi ni Mwislamu na ni mama, sitaki damu ya mtu shingoni mwangu. Lakini nikinyamaza, yeye anaendelea kula rolex mlangoni kwangu.

Karani Mstaafu amejibu:

Mama, pole kwa mgonjwa na pole kwa hofu hiyo. Nilifanya kazi ya ukarani wa mahakama kwa miaka 27, kwanza katika korti za mahakimu na baadaye katika masjala ya Mahakama Kuu, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona yakipita mezani kwangu.

Kabla ya kujibu swali lako, naomba nikuonyeshe kitu ambacho labda hukukigundua katika maelezo yako mwenyewe. Kosa ulilolieleza, yaani kuiba kwa nguvu huku mtu akiwa na panga na kumjeruhi vibaya mwenye mali, kwa sheria yetu ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo adhabu yake ya juu kabisa ni kifo. Kosa hilo husikilizwa na Mahakama Kuu peke yake. Hakimu wa mji wenu, hata awe hakimu mkuu, hana mamlaka ya kulitolea dhamana. Kazi yake ni kumsomea mshtakiwa mashtaka bila kumtaka ajibu, na kumpeleka rumande hadi uchunguzi ukamilike. Anayetaka dhamana katika kosa hilo huandika ombi kwa jaji, na jaji anaweza kumdai aonyeshe sababu zisizo za kawaida, kama vile ugonjwa mzito uliothibitishwa na daktari wa gereza, umri mdogo sana au uzee, au barua ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma inayosema hana pingamizi. Basi kama kijana huyo ametolewa na hakimu wa hapo mjini ndani ya wiki sita, dalili ni kwamba hati ya mashtaka haisemi unyang'anyi wa kutumia silaha. Inasema jambo jingine dogo zaidi: labda unyang'anyi wa kawaida, labda wizi, labda kujeruhi. Nenda masjala ukaulize kwa jina la mshtakiwa na namba ya kesi. Usikubali kuambiwa kwamba jambo hilo halikuhusu.

Sasa nije kwenye swali. Ibara ya 23 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 haimpi mtu haki ya kutoka. Inampa haki ya kuomba, kisha mahakama huamua. Watu wengi huchanganya mambo hayo mawili, hata baadhi ya mawakili wanapozungumza redioni. Mahali ambapo Katiba inasema ni lazima atolewe ni pale anapokaa rumande muda uliowekwa bila hatua kupigwa: siku 60 bila kesi kusikilizwa kwa makosa ambayo hata korti za chini zinaweza kuyasikiliza, na siku 180 bila kesi kupelekwa rasmi Mahakama Kuu kwa makosa ya Mahakama Kuu peke yake. Zamani zilikuwa siku 120 na 360. Zilipunguzwa kwa marekebisho ya mwaka 2005. Kijana wako alitoka kabla ya siku 60, kwa hiyo hakimu hakulazimishwa na Katiba. Aliamua mwenyewe, kwa yale yaliyowekwa mbele yake.

Na hapo ndipo penye kidonda. Sheria ya korti za mahakimu inamtaka hakimu, anapofikiria dhamana, atazame uzito wa kosa, ukali wa adhabu, kama mshtakiwa ana makazi ya kudumu, kama ataweza kuwatisha mashahidi, na mwenendo wake wa nyuma "kadiri unavyojulikana". Maneno hayo mawili yameachilia watu wengi kuliko rushwa, ingawa wengi hawatakubaliana nami. Hakimu hana daftari la wahalifu chini ya meza yake. Mwenendo wa nyuma unajulikana kortini pale tu mwendesha mashtaka anaposimama na kusema: mtu huyu alihukumiwa mwaka fulani, katika korti fulani, kwa kosa fulani, na hii hapa nakala. Mtaani kwenu kila mtu anajua kwamba amewahi kufungwa. Kortini, kama hakuna aliyesema, hajawahi.

Hata ingesemwa, isingekuwa mwisho wa hadithi, kwa kuwa kuhukumiwa zamani hakumzuii mtu kuomba dhamana. Ni jambo moja la kupimwa pamoja na mengine. Lakini lingebadili mizani, hasa baada ya Jaji Mkuu Owiny-Dollo kutoa miongozo ya dhamana mwaka 2022, ambayo inaitaka mahakama ipime pia usalama wa mlalamikaji na wa jamii, na uwezekano wa mshtakiwa kutenda kosa jingine akiwa nje.

Kuhusu adhabu nitaandika baadaye, macho yamechoka.

Kijana wa Stage amejibu:

Mzee wangu, kwa heshima zote, hayo ya vifungu yanamsaidia nani? Mimi ninaendesha boda boda na nimezika wenzangu wawili. Rais mwenyewe amesema mara nyingi, na mwaka 2021 alilirudia mbele ya majaji, kwamba anayeshtakiwa kwa mauaji na makosa kama hayo hafai kupewa dhamana. Dhamana ifutwe kwa wauaji na wanyang'anyi, basi. Anayeua aozee ndani.

Mwalimu wa Arua amejibu:

Kijana, ninaielewa hasira yako na sitaidharau, lakini uliandika "anayeua" wakati dhamana inamhusu "anayesemekana ameua". Naomba nikueleze tofauti hiyo kwa habari ya nyumbani kwetu.

Kaka yangu alikamatwa pamoja na vijana wengine watano baada ya duka moja kuvunjwa na mlinzi wake kuuawa. Yeye alikuwa analala nyumba ya tatu kutoka hapo, na kosa lake lilikuwa kutoka nje kuangalia kelele. Aliwekwa rumande. Tukaambiwa kwamba zikifika siku 180 atakuwa na haki ya kutoka, nasi tukazihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Siku ya 171 kesi ikapelekwa rasmi Mahakama Kuu, na kuanzia siku hiyo hesabu yetu haikuwa na maana tena, kwa sababu ile haki ya siku 180 ni ya kipindi cha kabla ya kesi kupelekwa huko. Baada ya hapo mtu husubiri kikao cha jaji, na vikao hupangwa kulingana na fedha. Kaka alisubiri miaka mitatu na miezi minane. Siku kesi iliposikilizwa, shahidi pekee aliyemtaja hakuja, na jaji akamwachilia asubuhi hiyo hiyo. Mama yetu alishafariki.

Magereza yetu yana watu zaidi ya 70,000 katika nafasi zilizojengwa kwa watu takriban 20,000, na karibu nusu yao hawajahukumiwa kwa lolote. Ukifuta dhamana, humfungi mnyang'anyi wa Mama wa Duka peke yake. Unamfunga pia kaka yangu, na siku ambayo jirani atakutaja wewe, unajifunga mwenyewe. Ninajua pia kwamba neno hilo la kufuta dhamana halisemwi kwa ajili ya wanyang'anyi tu. Wabunge wawili wa upinzani walioshtakiwa kuhusu mauaji ya Masaka walipewa dhamana na Mahakama Kuu mnamo Septemba 2021, wakakamatwa tena baada ya kuachiliwa, na hawakutoka hadi Februari 2023. Mahakama inaposema "toka" na mtu hatoki, tatizo si dhamana kuwa rahisi mno.

Hata hivyo, Mama, usinielewe kwamba ninamtetea huyo aliyekuuliza habari za mgonjwa. Salamu ile ilikuwa kitisho, na ninadhani wazee wetu hapa watakueleza la kufanya nayo.

Sajini wa Zamani amejibu:

Mama, na wewe Karani, mzee mwenzangu, mmenigusa mahali panapouma, kwa sababu jalada la namna hiyo huanza kuharibika kwetu polisi kabla hata halijafika kortini. Nimestaafu, kwa hiyo nitasema waziwazi bila kutaja kituo.

Mtu anapoletwa, tukio huandikwa katika kitabu cha kituo, kisha kesi hupewa namba ya CRB, yaani ya daftari la polisi la kesi za jinai. Majeruhi hupewa fomu ya PF3 aipeleke kwa daktari, naye daktari huandika ukubwa wa jeraha na kifaa kinachoelekea kulisababisha. Karatasi hiyo moja ndiyo inayobeba kesi yako yote. Ikisema "madhara makubwa, kifaa chenye makali, vidole viwili vimekatika", basi mpelelezi na wakili wa serikali hawana njia ya kuandika wizi. Lakini mara ngapi nimeona fomu inakaa na ndugu wa mgonjwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na picha za eksirei, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wairudishe? Wakili wa serikali analisoma jalada lisilo na daktari, lisilo na panga kwa kuwa panga halikupatikana, na maelezo ya mlalamikaji yaliyoandikwa akiwa bado na dawa za usingizi. Anaandika kosa ambalo ushahidi uliopo unaweza kulibeba. Huenda wala hakununuliwa.

La pili ni alama za vidole. Kijana aliyefungwa katika wilaya moja kwa jina moja hufika wilaya nyingine na jina la ukoo wa mama yake, na barua ya LC1, yaani baraza la kijiji, aliyopewa na mwenyekiti asiyemfahamu. Vidole vyake havibadiliki, na kumbukumbu zipo Naguru, kwenye makao makuu ya polisi, lakini lazima mtu achukue alama, azitume, afuatilie jibu. Katika kituo chenye mpelelezi mmoja mwenye majalada themanini, jibu likichelewa anaendelea na linalofuata.

Nilikuwa nikihudhuria korti kama shahidi, na kuna sentensi niliyoisikia mara nyingi hadi nikaikariri. Mshtakiwa ameshaonekana ana hatia, sasa korti inataka kujua historia yake kabla ya kutoa adhabu, na mwendesha mashtaka anasimama, anafunua jalada, anasema: "Hatuna kumbukumbu ya makosa yake ya awali." Anaketi. Kisha wakili wa utetezi anasimama na kuomba huruma kwa sababu mteja wake ni mkosaji wa mara ya kwanza. Siku moja nilimtazama mshtakiwa ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemkamata miaka sita nyuma, na yeye akanitazama, kisha akainamisha kichwa ili nisione kama anacheka.

Wewe Kijana wa Stage, nakusihi kwa jambo moja. Ripoti za polisi za kila mwaka zinahesabu kwa mamia watu wanaouawa na umati nchini. Nimeokota baadhi yao. Mmoja alikuwa fundi wa redio aliyekimbia kwa sababu aliona wenzake wanakimbia. Mkimchoma huyu wa Mama, kesi ya pikipiki inakufa pamoja naye, wale wenzake wawili wa kwenye migomba hawatatajwa kamwe, na nyinyi ndio mtakaosimama mbele ya jaji kwa mauaji.

Na nyongeza ndogo, kwa kuwa najua swali litakuja: dhamana ya polisi, ile ya kituoni, ni bure, na kupewa dhamana hiyo si mwisho wa kesi. Ya korti inaweza kuwa na fedha, lakini fedha hizo hulipwa benki kwa risiti, na mwenyewe hurudishiwa kesi ikiisha kama hakutoroka. Kwa hiyo mtu akikwambia "alilipa akatoka", usiifanye kuwa ushahidi wa hongo.

Karani Mstaafu amejibu tena:

Sajini amesema ukweli mtupu. Nimalizie deni la adhabu.

Tangu Mahakama ya Juu iamue kesi ya Susan Kigula na wenzake mnamo Januari 2009, hakuna adhabu ya kifo ya lazima. Jaji anayo hiari. Miongozo ya adhabu ya mwaka 2013 inampa jaji mahali pa kuanzia katika unyang'anyi wa kutumia silaha, nayo ni miaka 35, halafu anaongeza au kupunguza kulingana na mazingira. Kuwa mkosaji wa mara ya kwanza kunapunguza. Kurudia kosa kunaongeza. Lakini rudia kusoma alichosema Sajini, utaona jinsi mrudiaji anavyopata punguzo la asiyerudia.

Pia ujue namba inayosomwa siku ya hukumu si miaka itakayokaliwa. Tuseme jaji ameona miaka 20 inafaa. Katiba inamtaka azingatie muda wa rumande, na tangu hukumu moja ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2017 majaji wengi huutoa kwa hesabu kabisa. Kama mtu alikaa rumande miaka mitatu na miezi minne, inabaki 16 na miezi minane. Halafu sheria ya magereza inampa mfungwa mwenye bidii na tabia njema punguzo la theluthi moja. Inabaki miaka 11 na mwezi mmoja. Mlalamikaji aliyesikia "miaka 20" redioni humwona mtu sokoni na kuapa kwamba amehonga. Kifungo cha maisha ni jambo tofauti, maana Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2011 kwamba maana yake ni uhai wote wa mtu, si miaka 20 kama tulivyozoea kuhesabu.

Kulikuwa hata na sheria ya tangu zamani ya wahalifu sugu, iliyoiruhusu mahakama kumweka aliyehukumiwa mara kadhaa katika kifungo cha kuilinda jamii badala ya adhabu ya kawaida. Katika miaka yangu 27 sikuwahi kufungua jalada lake hata moja. Ili umwite mtu sugu, lazima kwanza uwe na orodha.

Kwa hiyo, Mama, haya ndiyo ya kufanya. Tafuta PF3 ilipo. Tafuta jina la korti na mwaka ambao kijana huyo alihukumiwa; huko alikohukumiwa ipo nakala, na karani mwenzangu wa huko ataitafuta ukiwa na jina alilotumia. Vipeleke kwa wakili wa serikali, katika ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka iliyo karibu nanyi, ukaseme unataka hati ya mashtaka iangaliwe upya. Wao wanaweza kubadili kosa kabla ya kesi kwenda mbali. Na ile salamu ya kibandani iandike: siku, saa, maneno, nani alikuwepo. Mwendesha mashtaka anaweza kuomba dhamana ifutwe kama mshtakiwa anawatisha mashahidi, lakini hawezi kuomba kwa kusema "inasemekana".

Mama wa Duka amejibu:

Wazee wangu, Mwalimu, na hata wewe Kijana, asanteni. Zimepita siku kumi na mbili tangu niandike, na nimeona niwaeleze palipofikia.

Nilikwenda masjala. Karani wa hapo alikuwa binti mdogo, akanifungulia jalada bila shida nilipomwambia mimi ni dada wa mlalamikaji. Karani Mstaafu alilijua kabla sijalijua: kosa lililoandikwa ni unyang'anyi wa kawaida, na mstari wa maelezo unasema mshtakiwa alitumia "nguvu". Panga halimo. Vidole vya mdogo wangu havimo.

Nikarudi nyumbani nikamuuliza mke wake kuhusu PF3. Alinyanyua godoro. Fomu ilikuwa chini ya godoro, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na eksirei, imesainiwa na kupigwa muhuri na daktari. Hospitali waliwapa, nao wakaitunza kama hati ya shamba. Sajini, nilicheka peke yangu kwa uchungu, nikakukumbuka.

Nakala ya hukumu ya kwanza ilinichukua safari mbili na nauli ya siku mbili. Alihukumiwa kwa jina jingine la pili, lakini jina la baba na kijiji ni vile vile, na mwenyekiti wa LC1 wa huko amenipa barua inayosema anamfahamu tangu utotoni. Wakili wa serikali alizisoma karatasi zote mbili akiwa amesimama, kisha akaketi akazisoma tena. Hakuniahidi chochote. Alisema jalada litarudishwa kwa mpelelezi, daktari aandike maelezo, alama za vidole zichukuliwe na kupelekwa Naguru, na hapo ndipo ataamua kuhusu kubadili mashtaka. Nilipomweleza kuhusu kibandani, alinituma kituoni nikaandikishe maelezo siku hiyo hiyo. Muuza rolex alikubali kuwa shahidi, ingawa aliniomba nisimtaje kwa jina mtaani.

Kesi itatajwa Jumanne ijayo. Nimewaomba vijana wa stage waje kortini, na wamekubali kuja kumi na wanne, bila kelele, wakae viti vya nyuma. Mwalimu, umenipa jambo moja zito la kufikiria: nimemwambia mdogo wangu kwamba kuhusu wale wawili wa gizani, ambao hakuziona nyuso zao, asimtaje mtu yeyote kwa kukisia, hata akiulizwa mara kumi.

Karani, nina swali dogo lililobaki. Yule binti wa masjala alisema kosa likibadilishwa, mdhamini wake ataachiliwa na kijana atarudishwa rumande siku hiyo hiyo. Je, atarudishwa hapo hapo kortini, au atapewa muda wa kwenda nyumbani kwanza?

Karani Mstaafu amejibu:

Mama, akiwepo kortini na mashtaka mapya yakasomwa, haendi nyumbani. Hakimu hana mamlaka tena ya kumwacha nje kwa kosa hilo, kwa hiyo askari wa magereza humchukua kutoka kizimbani. Shaka yangu ni moja tu, kama atakuja. Mwambie mwendesha mashtaka mapema, na asiizungumze habari ya mashtaka mapya kwenye ukumbi wa nje, pale watu wanaposubiri majina yao kuitwa. Nawe usiizungumze dukani.